Meno ya Jiliwa

Fundi hakumwamini mtu. Hilo nililijua kabla sijajua kama ana mke au hana, na kabla sijaona kazi ya mikono yake. Asubuhi yangu ya kwanza katika karakana ile, kando ya njia ya kwenda Ikoni, alinikuta nimesimama karibu na mashine yake, mikono nimeifunga nyuma. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo la mafuta, akaliinua mpaka usawa wa macho, akatazama alama aliyokuwa ameikwaruza ubavuni kwa msumari, akalirudisha chini. Ndipo aliposema, "Karibu."

Nilifanya kazi naye miaka saba. Yeye alikuwa na mashine ya kuchonga chuma, ndogo, yenye meza isiyozidi urefu wa mkono, iliyoachwa na kampuni moja ya mafuta ya maua ya mlangilangi ilipofunga shughuli zake. Mimi nilikuwa na mashine ya kukereza. Tulipeana migongo. Ukifanya kazi hivyo na mtu, unamjua kwa sauti: unajua amekasirika kwa jinsi anavyoweka spana, unajua anawaza kwa jinsi mashine inavyozunguka bila kukata. Lakini uso wake huujui.

Jina lake nalijua. Sitaliandika, kwa sababu hakupenda jina lake litembee bila ya yeye mwenyewe. Mjini Moroni watu walimwita Fundi, na akiwa hayupo walimwita yule Mnzuani, maana kwao ni Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine. Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni vilevile. Nimekulia Unguja, nikarudi visiwani nikiwa mtu mzima, nikaoa katika mtaa wa Badjanani na kuhamia nyumbani kwa mke wangu kama ilivyo desturi ya Ngazija. Fundi alikuwa amejifunza kazi kwa Wahindi wa Dar es Salaam. Kwa hiyo sisi wawili tulizungumza Kiswahili, na wateja waliotukuta tukizungumza walinyamaza, wakatutazama kwa jicho la pembeni. Miaka ile watu wawili wakizungumza lugha ambayo wa tatu haifahamu vizuri, wa tatu aliondoka na neno la kusimulia.

Ilikuwa miaka ya mamluki. Walifika kwa bahari mwaka wa sabini na nane, wakamrudisha rais wa zamani, kisha hawakuondoka. Wazungu wenyewe walikuwa wachache, ungeweza kuwahesabu ufukweni siku ya mapumziko, lakini walikuwa na askari wetu chini yao, na magari, na masikio kila mtaa. Hukuweza kujua sikio la nani. Watu walizoea kutazama mlango kabla ya kumaliza sentensi. Nasema hivi ili Fundi asionekane mwendawazimu. Tofauti yake na sisi ilikuwa moja: sisi tulianza kutilia watu shaka mamluki walipokuja, yeye alikuwa ameanza zamani.

Kazi yake kubwa ilikuwa meno ya jiliwa. Jiliwa ni kile chuma kizito kinachofungwa juu ya meza ya kazi, chenye taya mbili zinazosogezwa kwa mkono wa kuzungusha, zibane kitu kisicheze wakati unakikata au unakipiga tupa. Ndani ya taya hufungwa vipande viwili vya chuma kigumu, na hivyo ndivyo meno yenyewe. Yakilika, jiliwa zima halina maana. Visiwani hapakuwa na meno ya kununua. Gereji, maseremala, mafundi wa bandari, watu wa mitambo ya kukenekea mlangilangi, wote walimjia Fundi.

Alimfanyia kila mmoja ya kwake. Hakuamini kwamba meno ya mtu mmoja yanaweza kumfaa mwingine. Seremala alichongewa meno mapana yasiyoacha alama kwenye ubao. Fundi wa bomba alichongewa meno yenye mfereji katikati ili bomba lisiteleze. Akimaliza kuyachonga aliyatia moto mpaka yawe mekundu kama embe lililoiva, akayatumbukiza kwenye mafuta, moshi ukajaa karakana. Mwishowe alichukua tupa yake laini na kuondoa ukali wa kila ukingo kwa mshazari mwembamba, uleule siku zote, sawasawa kama umepigwa na mashine. "Chuma kisimkate mtu ambaye hakukosa," alisema. Sikuwahi kuona fundi mwingine akimaliza ukingo namna ile.

Alikuwa na maneno yake. "Kukata ni kazi ya mashine, kushika ndiyo kazi ya mtu." Hilo alilisema kila nilipokuwa na haraka. Jingine lilikuwa, "Usimpe mtu kipimo ambacho hakukuomba." Na mtu akimshukuru sana alijibu, "Shukrani ya mwaka huu ni ombi la mwaka ujao," na mtu yule hakujua acheke au aondoke.

Mjane mmoja wa Badjanani alileta cherehani yake, kile kibano kinachoshika sindano kimepasuka. Wateja watatu walikuwa mbele yake. Fundi aliwaweka wote kando, akakichonga kibano siku hiyohiyo kutoka kipande kidogo cha chuma, kazi ngumu kwa mashine ile, akaniambia nimpelekee nyumbani. "Akiuliza nani kafanya, mwambie karakana." Nilidhani ni upole. Nilipomwambia hivyo alinikazia macho. "Si upole. Mwanamke anayeshona huingia kila nyumba. Sitaki aingie na jina langu."

Vikatio vya mashine yake alivifungia ndani ya sanduku, kila kimoja kimefungwa kwa kitambaa, lakini ufunguo wa sanduku aliutundika msumarini mlangoni, mbele ya kila mtu. Nilikaa mwaka mzima nikilishangaa hilo. Siku moja nikamuuliza. Akautwaa ufunguo, akanionyesha kidole gumba chake, cheusi. Aliupaka masizi kila asubuhi. "Sanduku likivunjwa sitamjua mwizi," alisema. "Ufunguo ukiguswa nitamjua kwa mkono wake." Alikwisha kuwashika wangapi? Hakuna hata mmoja. Miaka saba, na hakuna aliyegusa ufunguo ule. Nadhani jambo hilo lilimfurahisha na kumsikitisha.

Chakula cha mtu hakula. Mke wangu aliwahi kumletea mkate wa mofa na samaki, akapokea kwa mikono miwili, akaufunga ndani ya gazeti akaenda nao. Mke wangu alisema, "Huyu anaogopa kulishwa kitu." Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alicheka akasema, "Au anapeleka kwa mabwana zake wakauonje."

Maneno hayo hayakutoka hewani. Kulikuwa na Mzungu mmoja, fundi wa magari na silaha wa wale mamluki, mtu mwenye nywele fupi na mikono yenye makovu ya kuungua kama yetu. Alikuja karakana kwa gari la jeshi, jipu, na mchoro uliokunjwa mfukoni mwa shati. Alitaka meno ya jiliwa, jozi nne, yenye mfereji. Fundi aliutandaza mchoro juu ya meza, na askari wawili waliomfuata Mzungu wakabaki mlangoni wakinitazama mimi. Wakaondoka, na Fundi akaugeuza mchoro, akaufunika kwa gazeti, na kwa siku sita akafanya kazi mlango ukiwa nusu umefungwa.

Siku moja alipotoka kutawadha, nilichukua kipimo nikapima mfereji wa jozi iliyokwisha. Haukuwa upana wa bomba lolote nililolijua. Nilikirudisha kipimo mahali pake, na aliporudi, kabla hajakaa, akasema, "Umepata ngapi?"

Nilirudi kwenye mashine yangu.

"Kama unataka kujua, uliza."

"Ni za kushikia nini, Fundi?"

"Kitu cha mviringo."

"Mtutu wa bunduki?"

"Mchoro haukusema. Na mimi sikuuliza."

"Kwa nini unawafanyia?"

Alinigeukia. "Jipu limesimama mlangoni, askari wawili wamesimama. Wewe ungewakatalia?"

Nilitazama mlangoni.

"Basi usiniulize swali ambalo wewe mwenyewe huna jibu lake."

Mji ulijua kabla ya magharibi. Kwenye bangwe, ule uwanja wenye viti vya mawe ambapo wanaume hukaa baada ya sala, mzee mmoja aliniuliza mbele za watu, "Yule Mnzuani wenu anawachongea bunduki, kweli?" Nilisema ni meno ya jiliwa tu. Wakatikisa vichwa, kama watu wanaomsikia mtu akimtetea mwizi wa kwao.

Sasa lazima nimwelezee shemeji yangu, kwa sababu bila yeye siwezi kumwelezea Fundi. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa desturi ya Ngazija, mjomba ndiye mwenye neno katika nyumba ya dada yake, kwa hiyo mimi nilikuwa mume, lakini yeye ndiye aliyekuwa na nyumba. Alinipenda, na aliniamuru. Yeye na wenzake watatu walikuwa na mashine ya kurudufu karatasi, ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono. Walichapa karatasi za kuwataka mamluki waondoke, wakaziacha misikitini na sokoni. Kisha ule upau unaoibana karatasi ya nta juu ya pipa la mashine ukavunjika. Aliniletea vipande viwili ndani ya kitambaa.

"Wewe una mashine," alisema.

"Mashine ni ya Fundi."

"Siku sita ni ya Fundi. Saa ya Ijumaa ni yako."

Ijumaa iliyofuata nilisema tumbo linaniuma. Fundi, ambaye hakuwahi kuchelewa sala ya Ijumaa, alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, akaenda. Nilifunga kipande cha chuma kwenye jiliwa la mashine yake na kuanza kuchonga. Nilikuwa mkerezaji, si mchongaji. Upau ulikuwa mrefu na mwembamba, nikaubana katikati kwa nguvu zote, na nilipoulegeza ukapinda kama ulimi wa mbwa. Nilikuwa bado nimeushika aliporudi.

Hakuuliza nafanya nini. Aliweka kofia yake mahali pake. Aliinama akaokota maranda ya chuma sakafuni, akayasugua kati ya vidole.

"Umebana vibaya," alisema. "Chuma chembamba hakibanwi katikati. Kinakuficha kosa mpaka unapokiachia."

"Fundi, mimi..."

"Usiniambie ni cha nini."

Akachukua vipande vilivyovunjika, akavipima, akachagua chuma kingine. Alichonga vipande viwili vidogo vya kukishika huku na huku, akakibana polepole, akikipima kwa kipimo chake chenye uso wa saa na mshale kila alipokaza kidogo. Kazi ilichukua saa mbili. Mwishowe alitoa tupa yake laini akaondoa ukali wa kingo. Nilitaka kumwambia aache, kwamba kazi hii haihitaji urembo, lakini ningemwambiaje bila kumwambia ni cha nini? Alinipa upau umefungwa kwenye gazeti. Nikaenda nao nyumbani chini ya shati, nao ungali na joto.

Usiku ule sikulala vizuri. Kwa nini alinisaidia? Mtu asiyemwamini hata mjane, mtu anayewachongea mamluki, kwa nini afunge macho? Nilimweleza shemeji. Akafikiri, akasema, "Huenda anataka kujua karatasi zitatokea lini."

Zilitokea baada ya siku tano. Mji mzima ulizisoma, na mji mzima ukasema haukuzisoma. Askari walianza kuingia nyumba za walimu. Shemeji alihamia Ikoni, nyumbani kwa shangazi yake, mwendo mfupi kwa teksi kutoka Moroni, akawa hatoki nje. Ni mimi, mke wangu na shangazi tu tuliojua.

Asubuhi moja, mashine zikiwa zimezimwa, Fundi akaniuliza bila kugeuka, "Yule shemeji yako mwalimu, yuko wapi siku hizi?"

Katika miaka yote ile hakuwahi kuniuliza habari ya mtu wa nyumbani kwangu, hata mtoto alipozaliwa.

"Amekwenda Maore, kwa Wafaransa," nilisema. "Wiki mbili sasa. Hatarudi."

"Una hakika amefika?"

"Ameleta salamu kwamba amefika. Yuko kwa jamaa."

"Vizuri," akasema, na akawasha mashine.

Jioni nilimwambia mke wangu, "Ameniuliza." Hakuhitaji maelezo. Aliweka mkono mdomoni.

Siku ya nne baada ya hapo jipu lilikuja. Mzungu yule aliingia na askari watano. Alikuwa na vitu viwili mkononi, akaviweka kimoja kando ya kingine juu ya meza ya Fundi: upau wa mashine ya kurudufu, ambayo walikuwa wameikamata kwenye ghala la mmoja wa wenzake shemeji aliyekimbia kabla hawajamkuta, na jino moja la jiliwa, kutoka katika zile jozi nne. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa upau. Kisha kwenye ukingo wa jino. Aliutambua ule mshazari. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuambiwa.

"Nani amefanya hii?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Mimi," alisema Fundi.

"Nani aliileta?"

Mashine yangu ilikuwa inazunguka. Sikuthubutu kuizima, kwa kuwa nilidhani kimya kingenitaja. Fundi aliomba anawe mikono. Wakamruhusu. Alinawa taratibu, kidole kwa kidole, akajipangusa, akatoka kati yao. Alipita mbele yangu na hakunitazama.

Walikaa naye siku kumi na moja. Siku ya nane walimkamata shemeji Ikoni, mchana, anakula. Siku ya kumi na moja Fundi akarudi.

Hesabu hiyo mji mzima uliweza kuipiga. Wa kwanza kuipiga nilikuwa mimi. Kwenye bangwe mtu alisema, "Siku kumi na moja, na ameachwa." Nami, ambaye nilijua kwamba alisema "Mimi" bila kusita, ambaye nilijua ni jina la nani lililotakiwa kutoka kinywani mwake, nilisema, "Ni chache." Maneno mawili. Wote walinisikia, na kwa kuwa nilifanya kazi naye, waliyachukua kama ushahidi.

Alirudi kazini. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevimba, akawa anazungusha mkono wa mashine kwa kiganja. Niliviona. Nilijiambia kwamba hata msaliti hupigwa kwanza. Aliponisalimu asubuhi, nilimjibu nusu ya salamu. Wateja walipungua. Watoto wa mtaa walipita mlangoni wakigonga chuma kwa chuma. Katika msikiti wa Ijumaa, aliniambia baadaye mtu aliyekuwepo, pande zake zote mbili katika safu palibaki nafasi. Hakulalamika. Baada ya mwezi mmoja alimwaga mafuta yote ya mashine, akaisafisha, akaifunika kwa gunia, akapanda meli kwenda kwao na begi moja. Hakuniaga. Sikungoja kuagwa.

Shemeji alitoka baada ya miezi kumi na minne. Alitoka amekonda, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Hakupenda kusimulia. Jambo moja tu aliniambia: "Hawakuniuliza kama ni mimi. Waliniuliza kama hilo ni jina langu. Jina walikuja nalo, nyumba kwa nyumba."

Mwisho wa themanini na tisa mamluki waliondoka. Watu walishangilia, wengine walijifungia ndani kwa hofu kwamba watarudi. Mwaka uliofuata mwenye karakana niliyofanyia kazi wakati huo alinituma Mutsamudu kutengeneza pampu bandarini. Kazi ilikwisha siku ya pili. Siku ya tatu nilipanda teksi ya kuchangia mpaka mtaa wa Hombo, nikauliza nyumba ya dada yake Fundi, nikaonyeshwa, juu kidogo ya hospitali. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka aniambie kwa kinywa chake kwamba alimtaja, nimwambie nilichokuwa nacho moyoni, niondoke.

Alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Alinitambua kwa sauti.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, Fundi."

"Mtu hatoki Moroni kwa hakuna."

"Nimekuja kwa kazi ya bandari. Hapa nimekuja mwenyewe."

Alinyoosha mkono kuonyesha nikae. Dada yake alileta maji, akaingia ndani. Sikuwa na ujanja wa kuanzia mbali.

"Ulimtaja shemeji yangu," nilisema.

"Nilimtaja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Nilibaki nimeshika gilasi.

"Siku saba sikusema neno," alisema. "Usiku wa kuamkia ya nane nikajua kwamba asubuhi nitasema. Mtu huijua nafsi yake. Nikawa natafuta la kusema. Walitaka jina la aliyeleta chuma. Nikiwapa jina la uongo, watalipima na kunirudia. Nikawapa jina la kweli, la mtu ambaye hawamfikii. Mwalimu. Karatasi zilikuwa zake, hilo hata wao walilihisi. Na yuko Maore, huko hawana mkono." Alivisugua vidole vya mkono wake wa kulia. "Kwa sababu hiyo nilikuuliza. Yule Mzungu alikuwa amepita siku ile, wewe ukiwa umekwenda sokoni, akauliza ni nani mwingine mjini ana mashine ya kuchonga. Nikajua watakuja. Nikataka kujua nani yuko salama."

Sikuweza kumtazama, ingawa yeye hakuniona vizuri.

"Nilipotoka nikasikia wamemkamata Ikoni," aliendelea. "Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kwa nini alirudi. Alikwisha kufika. Kwa nini mtu anayefika salama arudi?"

Ningeweza kunyamaza. Mtu mzee, kipofu nusu, angekufa na swali lake, na mimi ningerudi Moroni na chuki yangu ikiwa safi. Nilifikiri hivyo, sikatai. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kutosha kumaliza maji.

"Hakurudi," nilisema. "Hakuwahi kwenda. Alikuwa Ikoni tangu mwanzo. Nilikudanganya."

Chini, mbele ya hospitali, mtu alikuwa akimwita dereva.

"Kwa nini?"

"Nilidhani unawapelekea habari."

Alitikisa kichwa taratibu, kama fundi anayeonyeshwa mahali mashine ilipovunjika.

"Hata mimi ningedanganya," alisema.

"Ningekuambia kweli, Fundi, asingekamatwa."

"Asingekamatwa," alikubali. "Ungeniambia kweli, asubuhi ile ningekuwa nimebaki na jina moja tu."

Hakusema lipi. Hapakuwa na haja. Tulikaa pale mpaka adhana ya alasiri, nikamwongoza kwa mkono msikitini, tukasali bega kwa bega. Alipokuwa akivaa viatu akaniuliza, "Mwalimu anasikia?"

"Kwa sikio la kulia."

"Basi kaa upande wake wa kulia umwambie. Langu na lako, yote mawili."

Nilimwambia shemeji wiki ileile, mke wangu akiwa amekaa nasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande wangu. Hakunitukana. Hakusema amenisamehe. Aliuliza kama Fundi anaweza bado kusoma barua, nikasema hawezi. "Basi nitakwenda," alisema, "na wewe utanipeleka."

Tulikwenda mwezi uliofuata. Kwenye mlango wa nyumba ya Hombo shemeji aliniwekea mkono kifuani, kwa upole, akaingia peke yake, na mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye ngazi. Walizungumza muda mrefu. Sauti nilizisikia, maneno sikuyapata, maana shemeji alikuwa amezoea kusema chini na Fundi hakuwahi kusema juu. Mpaka leo hakuna kati yao aliyenieleza, na Fundi sasa ni marehemu. Mara moja tu, katikati, nilisikia jina langu likitajwa waziwazi, na sikuweza kujua ni nani kati yao aliyelitaja.